Meli Zinazopita Grise Fiord

Grise Fiord ni kijiji cha mwisho kaskazini mwa Kanada ambacho raia wa kawaida wanaishi. Ukienda mbele zaidi utakuta kituo cha hali ya hewa na kambi ya wanajeshi, basi, halafu barafu mpaka Ncha ya Kaskazini. Wakazi wake hawafiki mia mbili. Wenyewe, kwa lugha yao ya Kiinuktitut, wanakiita Aujuittuq, yaani mahali pasipoyeyuka. Jua likishazama mwanzoni mwa Novemba, halionekani tena mpaka Februari. Lakini kila mwaka, mwezi wa nane na mwanzo wa mwezi wa tisa, barafu ya baharini ikilegea, meli za watalii huja kutia nanga mbele ya kijiji. Wageni wanashuka kwa boti za mpira, wamevaa makoti mazito, wanatembezwa, wanaonyeshwa ngoma na vinyago vya mawe, wananunua kidogo, wanapiga picha. Baada ya saa chache wanarudi melini kula.

Nimeanza na kijiji hiki kwa sababu wakazi wake wa kwanza nao waliletwa na meli. Hawakulipa tiketi. Waliambiwa watakaa miaka miwili, na kama hawatapenda watarudishwa kwao. Hiyo ilikuwa mwaka 1953.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Nyarugusu. Kwenye kituo chetu kuna rafu ya vitabu na magazeti ambayo wageni wanaacha wakiondoka, na humo ndo tulikuta kijitabu cha matangazo ya safari za Aktiki, karatasi yake nzito, inang'aa, dubu mweupe kwenye jalada. Vijana walikipitisha mkono kwa mkono wiki nzima. Mmoja akauliza: “Yaani mtu analipa ili akapigwe na baridi?” Mwingine akajibu kwamba hata Ulaya kwenyewe watu wengi hawana pesa hiyo. Klabu yetu ya historia ikapata kazi ya miezi miwili. Niliyoandika hapa ni yale tuliyoyasoma na kuyabishania, na pale ninapotoa maoni ni yangu, sio ya klabu.

Kwanza hii biashara yenyewe. Utalii wa aina hii, wa meli ndogo kuingia sehemu zisizo na bandari, ulianzishwa na Lars-Eric Lindblad, Msweden aliyehamia Marekani. Mwaka 1966 alipeleka kundi la watalii Antaktika, kule kusini kabisa. Mwaka 1969 akatengenezewa meli yake nchini Finland, Lindblad Explorer, meli ya kwanza duniani kujengwa makusudi kwa kazi hiyo. Ilikuwa ndogo, ya kubeba abiria kama mia moja, tumbo lake limeimarishwa kwa ajili ya barafu. Mwaka 1984 meli hiyo ikawa ya kwanza ya watalii kupita Njia ya Kaskazini-Magharibi yote, ile njia ya bahari inayopenya katikati ya visiwa vya kaskazini mwa Kanada kutoka Atlantiki mpaka Pasifiki. Baadaye iliuzwa, ikabadilishwa jina, na Novemba 2007 ikazama karibu na Antaktika baada ya kugonga barafu. Watu wote 154 waliokuwemo waliokolewa.

Utaratibu wa safari ni huu. Meli nyingi huanzia Greenland, zinavuka kwenda Kanada, zinaingia mlango wa bahari unaoitwa Lancaster Sound, halafu zinashuka kusini kati ya visiwa. Nahodha anasoma ramani za barafu kila siku, na programu ya kesho inaweza kufutwa usiku. Kabla ya kushuka ufukweni, walinzi wenye bunduki wanatangulia kuangalia kama kuna dubu. Abiria wanasafisha viatu vyao ili wasipeleke mbegu za mimea ya kigeni. Jioni wanakaa ukumbini kusikiliza mihadhara ya wataalamu wa ndege, wa miamba na wa historia. Kwa kweli hilo la mihadhara lilitufurahisha. Watu wazima, wengine wamestaafu, wanakaa darasani kwa hiari yao.

Bahari hiyo haijapimwa yote vizuri. Agosti 2010 meli ya watalii Clipper Adventurer ilipanda juu ya mwamba karibu na kijiji cha Kugluktuk, na abiria wakachukuliwa na meli ya serikali ya kuvunja barafu. Mwaka 2018 Akademik Ioffe nayo ikakwama huko huko Aktiki ya Kanada. Kwa hiyo sio mchezo. Na bado meli zinaongezeka, kwa sababu barafu inapungua. Setelaiti zimekuwa zikipima barafu ya bahari ya Aktiki mfululizo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Septemba 2012 ilifika chini kuliko miaka yote, kilomita za mraba kama milioni 3.4. Mwaka 2016 meli kubwa sana, Crystal Serenity, ilipita njia hiyo na watalii karibu 1,000, bila kuhesabu mabaharia na wahudumu. Tiketi ya chini ilizidi dola 20,000. Ilisimama Ulukhaktok, kijiji cha watu kama 400. Hebu fikiria wewe una kijiji cha watu 400 na asubuhi moja mbele yako imeegeshwa nyumba ya ghorofa yenye watu mara mbili na nusu ya hao. Ilibidi wageni washushwe kwa mafungu.

Sasa, wanakwenda kuona nini? Barafu, dubu, nyangumi, ndiyo. Lakini karibu kila kampuni inauza pia makaburi. Kwenye Kisiwa cha Beechey kuna makaburi matatu ya mabaharia wa Kiingereza waliokufa kipupwe cha 1845 kuingia 1846. Hao ni watu wa Sir John Franklin.

Franklin aliondoka Uingereza Mei 1845 na meli mbili, Erebus na Terror, kutafuta hiyo njia. Walikuwa na injini za mvuke, chakula cha makopo cha miaka mitatu, maktaba ya vitabu zaidi ya elfu moja. Watu 129 hawakurudi, hata mmoja. Septemba 1846 meli ziligandishwa karibu na Kisiwa cha King William. Franklin alifariki Juni 1847. Aprili 1848 watu 105 waliokuwa wamebaki waliziacha meli wakaanza kutembea kusini wakiburuta mashua, na njiani wakaisha. Haya yanajulikana kwa sababu waliacha karatasi moja ndani ya kopo la bati chini ya lundo la mawe, na karatasi hiyo ilipatikana mwaka 1859.

Kwa Wazungu, karatasi ndiyo ilikuwa ushahidi. Ila miaka mitano kabla ya hiyo karatasi, habari ilikuwa imeshafika London. Mwaka 1854 John Rae, daktari Mskoti aliyefanya kazi na kampuni ya biashara ya Hudson's Bay, alikutana na Wainuiti waliomweleza kwamba kundi la Wazungu lilionekana likiburuta mashua, watu wamekonda, na kwamba baadaye maiti zao zilionekana, na kwamba mwishoni walikula nyama ya wenzao. Rae hakukimbilia kuamini. Aliwahoji kupitia mkalimani, akalinganisha maneno, akanunua kwao vijiko na uma zenye alama za maofisa wa Franklin. Halafu akapeleka ripoti.

London ikakasirika. Sio kwa wale waliowatuma watu kule, ila kwa Rae na kwa Wainuiti. Charles Dickens, mwandishi yule yule wa riwaya, aliandika kwenye gazeti lake mwaka huo huo kwamba maneno ya washenzi hayawezi kuaminiwa, na tena nani ajuaye kama sio wao waliowaua. Hakuwahi kufika Aktiki. Hakuwahi kuongea na Mwinuiti hata mmoja kuhusu jambo hilo. Rae alilipwa zawadi ya pesa kwa kupata habari za Franklin, lakini heshima wenzake waliyopewa yeye hakupewa.

Basi tusogee mbele. Miaka ya 1990 wataalamu walichunguza mifupa ya mabaharia hao wakakuta alama za visu, sawasawa na walivyosema Wainuiti. Mwaka 2014 Erebus ilipatikana chini ya maji, kwenye eneo ambalo masimulizi ya wazee wa Kiinuiti yalilitaja zamani. Mwaka 2016 ikapatikana Terror. Hiyo walioonyeshwa njia ni watafiti waliomsikiliza mwindaji wa Gjoa Haven, Sammy Kogvik. Miaka kadhaa nyuma alikuwa ameona mti umetokeza juu ya barafu, kama mlingoti. Alipiga picha, halafu kamera ikapotea. Akanyamaza, kwa sababu bila picha nani atamwamini? Sehemu yenyewe kwenye ramani ilikuwa inaitwa Ghuba ya Terror siku zote. Tuliposoma hapo kwenye klabu watu walicheka sana, halafu kicheko kikaisha ghafla.

Mi nadhani mnajua kwa nini. Wengi wetu humu kambini tumekaa mbele ya meza tukaulizwa: mwezi gani, saa ngapi, walikuwa wangapi, walivaa nini, mbona safari iliyopita ulisema mto na leo unasema kijito. Anayeuliza anafanya kazi yake, simlaumu. Anatafuta ile karatasi ndani ya kopo. Mama anayejibu hana kopo. Ana alichokiona.

Aliyeipita Njia ya Kaskazini-Magharibi wa kwanza kwa chombo kimoja toka mwanzo mpaka mwisho ni Roald Amundsen, Mnorwe, kati ya 1903 na 1906, na chombo kidogo cha kuvulia samaki kiitwacho Gjøa, na wenzake sita tu. Alikaa vipupwe viwili pale panapoitwa leo Gjoa Haven, akijifunza kwa Wainuiti wa Netsilik namna ya kuvaa ngozi na kuendesha mbwa. Watu 129 wenye maktaba walikufa, saba waliokubali kufundishwa wakapita. Aliyoyajifunza pale ndiyo yaliyomfikisha Ncha ya Kusini mwaka 1911. Hapa sikai sana, maana habari zake ziko kila mahali.

Ninarudi Grise Fiord.

Mwaka 1953 serikali ya Kanada ilichukua familia za Wainuiti kutoka Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, ikawapandisha meli ya serikali C.D. Howe. Meli hiyo ilikuwa inazunguka kila kiangazi kupeleka vifaa na kupima watu kifua kikuu kwa eksirei. Waliokutwa na ugonjwa walibebwa moja kwa moja kwenda hospitali za kusini, wengine hawakuonekana tena na jamaa zao. Kwa hiyo ilikuwa meli ya kuogopwa tayari. Safari hii ilibeba wahamiaji. Njiani, huko Pond Inlet, ikachukua familia chache zaidi, wenyeji wa kaskazini, wawasaidie wenzao kuzoea. Mwaka 1955 ikaleta kundi la pili. Kwa jumla walikuwa kama watu 90.

Umbali kutoka Inukjuak mpaka Grise Fiord ni kama kilomita 2,000. Wazungu wa ofisini waliona kote ni baridi, kote ni Wainuiti, tofauti iko wapi? Tofauti ilikuwa kubwa. Inukjuak jua linachomoza kila siku ya mwaka. Kuna matunda madogo ya porini, ndege, mayai, samaki wa mtoni. Kule walikopelekwa usiku wa kipupwe ni wa miezi mitatu na zaidi, na chakula ni wanyama wa baharini. Kulungu wa kaskazini walikuwepo kiasi lakini sheria ilibana kuwawinda. Ni kama mtu amtoe mvuvi wa Baraka ampeleke jangwani, akisema wote ni Waafrika.

Jambo ambalo hawakuambiwa kabla ni kwamba watatenganishwa. Walidhani wanakwenda wote mahali pamoja. Wakiwa melini, karibu ya kufika, ndipo wakaambiwa hawa watashuka huku na hawa watapelekwa Resolute, mamia ya kilomita mbali. John Amagoalik alikuwa mtoto wa miaka kama mitano. Baadaye alisimulia mbele ya tume namna wanawake walivyoanza kulia na mbwa nao wakaanza kubweka na kulia. Huyo Amagoalik alikuja kuwa mmoja wa viongozi walioidai Nunavut, jimbo la Wainuiti lililozaliwa tarehe 1 Aprili 1999. Wengi wanamwita baba wa Nunavut.

Kipupwe cha kwanza waliishi kwenye mahema. Nyumba za theluji hazikuwezekana mapema, theluji inayofaa kujengea ilikuwa haitoshi. Huko Resolute kulikuwa na kambi ya jeshi la anga, na Wainuiti walikatazwa kuchanganyika na watu wake, lakini jalala la kambi ndilo lililowapa mbao za kujengea na mara nyingine chakula. Paddy Aqiatusuk, mzee wa kundi la Grise Fiord na mchongaji mwenye jina, alifariki 1954, mwaka wa kwanza haujatimia. Mwanawe wa kambo, Josephie Flaherty, alimfuata na familia yake kwa meli ya 1955 akamkuta hayupo tena duniani. Josephie huyu baba yake mzazi alikuwa Robert Flaherty, Mmarekani aliyetengeneza filamu maarufu ya Nanook of the North, ya mwaka 1922, pale pale Inukjuak. Filamu ilionyesha dunia nzima Mwinuiti anayecheka, shujaa wa barafu. Mtengenezaji aliondoka, mwanawe hakumwona kamwe.

Kwa nini serikali ilifanya hivi? Hapa wanahistoria bado wanavutana. Serikali ilisema Inukjuak watu wamezidi wanyama, bei ya ngozi za mbweha imeshuka, watu wanategemea misaada, basi wapelekwe mahali penye mawindo wakajitegemee. Kujitegemea! Ndugu zetu wa mashirika mtanisamehe, neno hilo lilipotokea darasa zima liligeuka kuniangalia mimi, maana ndilo ninalolitamka kila Jumatatu kwenye kikao. Wainuiti na wengi waliochunguza wanasema sababu kubwa ilikuwa nyingine. Ilikuwa wakati wa Vita Baridi, Wamarekani walikuwa wamejaa kwenye vituo vya hali ya hewa na viwanja vya ndege vya kaskazini, na Kanada iliogopa kuambiwa visiwa vile havina mwenyewe. Ukiweka watu wako pale, nchi ni yako. Waliopelekwa wanajiita nguzo za bendera zilizo hai. Mi naona sababu zote mbili zinaweza kukaa kwenye kichwa kimoja cha ofisa mmoja. Mtu anaweza kuamini kabisa kwamba anakusaidia huku anakutumia, na hiyo ndiyo inafanya iwe vigumu kubishana naye.

Miaka miwili ikapita. Walioomba kurudi waliambiwa haiwezekani, au waliambiwa waite jamaa zao waje huko huko.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua kabla ya utafiti huu, nalo lilinikamata kuliko yote. Tangu mwaka 1941 serikali ya Kanada iliwapa Wainuiti namba. Kila mtu alipewa kisahani kidogo chenye taji la mfalme na namba yake, cha kuvaa shingoni au kushonea kwenye nguo. E ni wa mashariki, W ni wa magharibi, halafu namba ya wilaya, halafu namba ya mtu. Majina yao yaliwashinda maofisa: mtu ana jina moja tu bila la ukoo, mtoto anapewa jina la marehemu hata kama marehemu alikuwa mwanamke na mtoto ni mvulana. Kwenye daftari ni fujo. Namba ikarahisisha kila kitu, posho, hospitali, shule. Kati ya 1968 na 1971 ndipo Abe Okpik, Mwinuiti mwenyewe, alizunguka vijijini kuandikisha watu majina ya ukoo ili namba ziondoke. Mwimbaji Lucie Idlout aliipa albamu yake ya kwanza jina la namba ya mama yake: E5-770.

Vijana waligawanyika hapo. Mmoja alisema namba ni kitu kizuri, bila namba huwezi kupata chakula, na majina yetu wanayakosea kila siku, namba hawakosei. Mwingine akasema bibi yake hakumbuki vizuri tarehe ya ndoa yake lakini namba ya kadi ya chakula anaitaja hata akiwa na homa. Sikutoa uamuzi. Mimi mwenyewe yangu naijua kwa moyo kabla ya tarehe yangu ya kuzaliwa.

Miaka ya 1980 waliohamishwa walianza kudai. Mwaka 1989 baadhi walirudishwa Inukjuak kwa gharama ya serikali, na hapo familia zikakatika mara ya pili, kwa sababu vijana waliozaliwa Grise Fiord walikuwa na kwao, na kwao ni Grise Fiord. Mwaka 1990 ripoti iliyoagizwa na serikali, iliyojengwa zaidi juu ya mafaili ya ofisini, ilisema hakuna kosa lililotendeka. Mafaili yalikuwa safi. Lakini mwaka 1993 Tume ya Kifalme ya Watu wa Asili ikawaita wenyewe Ottawa, ikawasikiliza hadharani, wazee kwa vijana, siku baada ya siku. Ripoti ya tume, ya 1994, ikasema uhamisho ule haukuwa halali kimaadili na serikali iombe radhi na ilipe. Mwaka 1996 ukawekwa mfuko wa dola milioni 10 za Kanada. Radhi yenyewe, maneno matupu ya dakika chache, ilisubiriwa mpaka tarehe 18 Agosti 2010. Hesabu: miaka 57. Wengi waliopanda C.D. Howe wakiwa watu wazima hawakuisikia.

Mwaka huo huo wa 2010 zikawekwa sanamu mbili za mawe. Ya Resolute imechongwa na Simeonie Amagoalik, mwanamume amesimama peke yake. Ya Grise Fiord imechongwa na Looty Pijamini, mwanamke na mtoto na mbwa wao. Watalii wanaoshuka kwenye boti za mpira wanaipiga picha.

Sasa niseme lililo moyoni kuhusu hao watalii. Sitaki kuwacheka. Mtu akinilipia leo nakwenda kesho, koti nitaazima. Meli yangu moja maishani ni ile iliyotuvusha Ziwa Tanganyika nikiwa mgongoni kwa mama, na sikumbuki kitu. Ningependa kuona maji kutoka sitahani, nimeshika kikombe cha chai. Kampuni zinazofanya safari hizo Aktiki zina chama chao tangu 2003, na chama kimeandika mwongozo kwa wageni wanaoingia vijijini. Uliza kabla ya kupiga picha. Usichungulie madirishani. Usiingie makaburini kama uwanjani. Ongea na watu, usiongee juu yao wakiwa wamesimama hapo. Kwenye vijiji vingine wakazi wenyewe ndo wameandika ya kwao, kutokana na yaliyowakera.

Tulitafsiri mwongozo huo kwa Kiswahili na Kirundi tukaubandika ukutani. Hapa kwetu pia wageni wanakuja, wana magari badala ya boti, wana fulana badala ya makoti, na wengi ni watu wema. Wanakaa saa mbili. Wanapiga picha za watoto foleni ya maji. Halafu kuna mwenzetu mmoja anateuliwa kusimulia, kila mara huyo huyo, kwa sababu anajua Kiingereza na anajua pa kusimama kidogo. Kijana mmoja wa klabu alipendekeza tuwe na mwongozo wetu: mgeni aambiwe tangu getini kwamba akisikiliza hadithi ya mtu, aache jina lake na anwani, na aseme hadithi inakwenda wapi. Wengine walisema tutawakimbiza wafadhili. Mjadala haujaisha, na kama wewe unayesoma unafanya kazi na shirika lolote, karibu Jumamosi saa nane mchana ubishane nasi ana kwa ana. Viti vipo.

Mi ninachokihofia ni kingine. Tume ya 1993 ilipata watu wa kuwasikiliza. Waliohamishwa wakiwa na miaka mitano, kumi, ishirini, walikuwa bado hai na akili zao timamu, na kulikuwa na watu waliowahoji mapema wakaandika. Kambi hii ilifunguliwa 1996. Aliyefika hapa na miaka arobaini sasa anakaribia sabini. Kila mwezi tunazika. Mafaili yetu yako ofisini, na sina shaka ni safi. Yataonyesha idadi ya waliofika, mahema yaliyogawiwa, kilo za unga. Hayataonyesha nani aliahidi nini kwenye gati la Kigoma, wala ni kina nani walitenganishwa kwenye lori, hawa wakashuka huku, hawa wakaenda kule.

Kwa hiyo tumeanza kurekodi. Tuna simu mbili zinazorekodi vizuri na daftari moja kubwa. Tunauliza mambo madogo: mlipanda chombo gani, mlikuwa wangapi, mlilala wapi usiku wa kwanza, mliambiwa mtakaa muda gani. Hilo swali la mwisho ndilo linalojibiwa haraka kuliko yote. Mzee mmoja alisema wiki tatu. Mama mmoja alisema mpaka mahindi yakomae. Wengi wanasema miezi sita.

Tunatafuta pia kadi za zamani, zile za kwanza kabisa za 1996 na 1997, hata kama zimechanika au zimeliwa na mchwa. Usizichome wala usizipe watoto wachezee. Leteni kituoni tuzipige picha, tutaandika jina la mwenye kadi chini ya namba, na kadi utarudi nayo nyumbani siku hiyo hiyo.